Mjadala: Je, alama anazotoa mwalimu darasani zitumike kumpangia mwanafunzi shule?

Mtoa hoja (mwalimu wa shule ya msingi ya umma, Kenya)

Walimu wenzangu na wazazi, naomba tulijadili jambo hili bila kurudia malumbano ya jumla kuhusu mtaala wa umilisi, yaani ule unaopima anachoweza kufanya mwanafunzi. Mtihani wa KCPE, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wanafunzi wa Gredi ya 9 waliofanya KJSEA (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya chini) ya kwanza mwaka 2025 waliingia katika chumba cha mtihani wakiwa na asilimia 40 ya matokeo yao tayari: asilimia 20 ilitokana na KPSEA, tathmini ya taifa ya mwisho wa shule ya msingi, waliyoifanya katika Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine ikatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Matokeo hayo ndiyo yanayotumika kumpangia mtoto shule ya sekondari ya juu na mkondo wa masomo. Hoja yangu ni kwamba tathmini ya shuleni iondolewe kabisa katika hesabu hiyo, kwa sababu tangu ilipogeuzwa kuwa alama za kupangia watu nafasi, imeacha kumsaidia mwalimu kufundisha.

Tazameni inavyofanyika. Baraza la Mitihani huweka kazi za tathmini katika tovuti yake, shule huzipakua na kuzichapisha kwa gharama yake, mwalimu husahihisha kwa kufuata mwongozo, kisha huingiza alama katika mfumo kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa. Hadi anapomaliza, muhula umekwisha na mada imekwisha kupitwa.

Nitoe mfano wa hisabati. Mwanafunzi mmoja anajumlisha nusu na theluthi, anapata mbili kwa tano, kwa maana amejumlisha namba za juu zenyewe na za chini zenyewe. Mwingine anajua kwamba lazima atafute asili moja, yaani namba ya chini inayofanana, anafika kwenye sita, lakini anakosea kuzidisha katika hatua ya mwisho. Wote wawili wanaweza kuandikiwa kwamba wanakaribia matarajio. Wa kwanza anahitaji kufundishwa upya sehemu ni kitu gani. Wa pili anahitaji mazoezi machache tu. Mfumo wetu unapokea kiwango, haupokei kosa, ilhali kosa ndilo ninalolihitaji asubuhi inayofuata. Mtafiti Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi walioandikiwa maoni pekee juu ya kazi zao waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na kwamba kuwapa maoni pamoja na alama hakukusaidia, kana kwamba alama iliyameza maoni. Sioni kwa nini watoto wetu wawe tofauti.

Mchangiaji wa kwanza (mzazi, Kenya)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umesahau tulikotoka. Chini ya KCPE mtoto alikuwa na siku tatu za kuonyesha kazi ya miaka minane. Aliyeamka na malaria siku ya kwanza alibeba matokeo hayo maisha yake yote. Isitoshe, sote tunakumbuka kwamba muziki, sanaa na michezo vilikuwa vimeandikwa kwenye ratiba huku vipindi vyenyewe vikitumiwa kwa hisabati na Kiingereza, kwa sababu havikuwa na alama katika mtihani wa taifa. Ukiiondoa tathmini ya shuleni katika hesabu, wewe binafsi utaendelea kuifanya kwa moyo, ila shule jirani itaiacha wiki hiyo hiyo na kurudi kwenye karatasi za majaribio.

Ninalolalamikia mimi ni jingine. Miradi ile tunaifanya sisi wazazi usiku, na picha tunazichapisha saiba, kwenye duka la intaneti. Mwalimu anayeipa alama anajua fika kwamba si kazi ya mtoto.

Mchangiaji wa pili (mwalimu mstaafu, Tanzania)

Kwa upande wetu suala hili ni la zamani. Azimio la Musoma la mwaka 1974, la chama tawala cha TANU kuhusu elimu, lililaumu mfumo uliomhukumu kijana kwa mtihani mmoja wa mwisho, na kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi shuleni yakaanza kuhesabiwa, pamoja na tabia yake na mwelekeo wake katika kazi. Nia ilikuwa njema. Lakini kumpa mwalimu mamlaka ya kuweka alama za tabia ni kumpa fimbo ya pili, na hilo nilikuwa nikilisema hata nilipokuwa kazini.

Siku hizi mtihani wa kidato cha nne huchukua asilimia 70 na alama endelevu, yaani zile za kazi za shuleni, 30. Ni vema mkajiuliza jambo moja: mtahiniwa wa kujitegemea, asiyesajiliwa kupitia shule, hana alama endelevu, naye hupangiwa daraja kwa mtihani peke yake. Ikiwa cheti chake ni halali, basi hizo asilimia 30 zinaongeza nini? Jibu langu ni kwamba zinaongeza nidhamu ya mahudhurio na ya kumaliza kazi, wala si usahihi wa kipimo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mkuu wa shule ambaye shule yake hupimwa kwa ufaulu hatamwadhibu mwalimu aliye mkarimu wa alama.

Wasiodhani hivyo waitazame Uingereza ilipofuta mitihani kwa sababu ya korona. Waliopata alama mbili za juu kabisa katika mtihani wa kumaliza sekondari walikuwa takriban robo mwaka 2019. Mwaka 2021, walimu walipokadiria wenyewe, wakakaribia asilimia 45.

Mtoa hoja

Nashukuru, na kwa mzazi nakubali sehemu: kisichohesabiwa hupuuzwa, na muziki ni ushahidi. Kwa hiyo naipunguza hoja yangu. Kazi za vitendo na miradi ihesabiwe, lakini ifanywe yote shuleni, na isahihishwe na mwalimu wa shule nyingine, ili anayefundisha asiwe ndiye anayehukumu. Jambo hili si geni kwetu, kwani miradi ya Kilimo na ya Kompyuta katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, imekuwa ikifanyika shuleni huku Baraza likiikagua. Majaribio ya darasani, madaftari na maswali ya mdomo yabaki mikononi mwa mwalimu, bila kutumwa popote. Badala ya kumwandikia mtoto kiwango, niruhusiwe kuandika sentensi mbili: anakosea wapi, na afanye nini.

Kwa mzee wetu wa Tanzania, kuhusu tabia sina la kuongeza.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo tunakaribiana. Ila sentensi mbili kwa kila mtoto, kwa kila somo, katika darasa la watoto sitini, utaziandika saa ngapi? Na huyo mwalimu wa shule nyingine, katika kaunti ambako shule ziko mbali na barabara hazipitiki msimu wa mvua, nauli yake italipwa na Baraza, au itaongezwa kwenye karo yetu?