Acheni kuipotosha TURUFU, mnakera sasa!

Wakuu, leo nimechoka na nitasema. Kila uchaguzi, kila dirisha la usajili, utasikia mtangazaji anapayuka "mgombea huyu" au "straika huyu ndo turufu yao" akimaanisha yule mkubwa kuliko wote, alafu jana kwenye grupu jamaa mmoja, tena anajiita mtaalamu wa Kiswahili, kakomaa kwamba turufu ni Kiarabu na maana yake eti karata kubwa, na watu wanampigia makofi!

Turufu sio karata kubwa jamani. Kwenye pakiti kuna aina nne za karata, shupaza, kopa, uru na pau, moja kati ya hizo ndo inafanywa turufu, basi kuanzia hapo hata mbili ya aina hiyo inaiua ree (ile karata kubwa kabisa, nyie mnaita esi) ya aina nyingine. Mbili! Karata ambayo siku zote hakuna anayeitaka. Ila huitupi tu unavyojisikia, ikichezwa kopa na unayo kopa unatoa kopa, mpaka zikuishie ndo unaruhusiwa kukata, yaani kuiua kwa turufu. Kwahiyo anayejua anamaliza kopa zake mapema, anabana turufu, anahesabu za wenzake zimebaki ngapi, mtu anaweka ree yake kwa madaha kabisa inakatwa na mbili. Utamu wote wa hilo neno uko hapo, mdogo kumzidi mkubwa kwa akili, na ndo huohuo mnaoufuta kila siku redioni.

Na hicho Kiarabu mnakitoa wapi?? Ni Kireno, trunfo, na asili yake ni Italia, kule Florence mwaka 1440 tayari watu wanaandika habari za karata za trionfi, yaani ushindi, hata trump ya Waingereza ina mzizi huohuo. Wareno wamefika pwani yetu 1498, Fort Jesus wakaanza kuijenga 1593, na hawakutuachia turufu peke yake, karata yenyewe ni cartas, shupaza ni espadas, kopa ni copas, uru ni ouros, pau ni paus. Pakiti nzima Kireno alafu mtu anachomoa neno moja analipeleka Uarabuni kwa kulisikiliza tu mlio wake, bila hata kuuliza wazee wanaocheza kila jioni barazani!

Watangazaji mliomo humu, mchezaji mkubwa muiteni staa. Turufu muiteni yule kinda wa benchi aliyefichwa mpaka dakika ya 80, mabeki wameshachoka, ndo anaingizwa kuwamaliza.