Lugha nne kwa mpigo (Kifaransa, Kihispania, Kichina, Kiarabu): muda unagawanywaje?

NdegeWaIgoma

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, Igoma. Napenda lugha za kigeni kwa burudani tu, si kwa kazi wala mtihani. Kifaransa nina msingi wa sekondari, nasoma habari fupi nikiwa na kamusi. Kihispania, Kichina na Kiarabu ndiyo nataka kuanza. Muda ni saa moja na nusu kwa siku, na karibu nusu yake ni ndani ya daladala. Simu ni Android, bando ni la wiki.

Naomba kujua: lugha nne zinaenda pamoja kweli? Kifaransa na Kihispania havitachanganyikana? Kadi za Anki (programu ya simu ya kukariri kwa kadi) ziwe ngapi kwa siku? Na Kichina mtu anakishika kuanzia upande gani?

KauntaBuku

Zinaenda pamoja mkuu, ila si kwa mwendo mmoja. Moja isonge, moja ianze taratibu, nyingine zitunzwe au zisubiri. Kwa dakika zako 90 ningegawa hivi: 50 za lugha inayosonga, 20 za ile inayoanza, 20 za marudio ya kadi.

Tazama ukubwa wa kazi yenyewe. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wake (FSI) hukadiria saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kifaransa au Kihispania, na saa 2,200 kwa Kichina au Kiarabu. Hayo ni makadirio ya mtu anayeanzia kwenye Kiingereza, lakini uwiano unasaidia. Kwa dakika 50 kwa siku, saa 600 ni karibu miaka miwili. Saa 2,200 ni zaidi ya miaka saba. Ndiyo maana Kichina na Kiarabu kusonga kwa pamoja ndani ya saa moja na nusu ni kuzibana zote mbili.

Kwenye Anki ndipo watu wengi wanapozama. Programu inakuja ikiwa imepangwa kadi mpya 20 kwa siku kwa kila deki (fungu la kadi). Mwenye deki nne akiacha hivyo anaingiza kadi 80 kila siku. Na kadi haiji mara moja ikaisha: inarudi kesho, inarudi baada ya siku chache, baada ya wiki, baada ya mwezi. Ukiingiza 10 tu kwa siku, mwezi wa pili unaweza kukuta marudio 70 hadi 100 kila siku, yaani dakika kama 15 ukitumia sekunde 10 kwa kadi. Sasa zidisha kwa nane. Mtu anakosa siku mbili za msiba au safari, anakuta deni la mamia, anafuta programu.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kila deki uweke kadi mpya 7 kwa lugha inayosonga, 3 kwa inayoanza, 0 kwa zilizobaki. Kikomo cha marudio usikipunguze. Ukikipunguza kadi zinajificha tu, deni liko palepale. Ukirudi kutoka safari na deni, weka kadi mpya 0 kwenye deki zote mpaka liishe, ndipo ufungulie tena.

Muundo wa kadi nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukiweka neno tupu la Kiswahili mbele, mfano "kusubiri", kwenye deki ya Kifaransa na ya Kihispania, akili haijui unataka lipi, na hapo ndipo mchanganyiko unapoanzia. Mbele weka sentensi fupi ya lugha ya kigeni yenye neno moja tu usilolijua, pamoja na sauti. Nyuma ndiyo maana. Na maliza deki ya lugha moja kabla ya kufungua nyingine.

Mwaloni_Kirumba

Naongezea kwenye Kifaransa na Kihispania. Hizi ni ndugu wa tumbo moja, na zinachanganyikana zaidi zote zikiwa changa. Kwa kuwa Kifaransa tayari una mguu ndani, kipeleke hadi ngazi ya B1 (ya kati) kwanza, yaani uweze kueleza siku yako na kusimulia jambo lililopita bila kusimama kila neno. Kihispania kifuate hapo.

Kikifuata, tenga ukurasa wa maneno yanayofanana sura na kupishana maana. "Salir" imeandikwa sawasawa kwa lugha zote mbili: Kihispania ni kutoka, Kifaransa ni kuchafua. "Nombre" kwa Kihispania ni jina, kwa Kifaransa ni idadi. "Entender" ni kuelewa, "entendre" ni kusikia. "Quitar" ni kuondoa kitu, "quitter" ni kuondoka au kuacha. Haya usiyasubiri yakukute, yaandike mapema na sentensi zake.

Kwa matamshi, Kihispania kitakupendelea. Irabu zake ni tano kama zetu, na neno linaloishia kwa irabu, n au s hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili. Likikazwa kwingine linawekewa alama. Kifaransa ndicho kinachodai kazi. Ile "u" ya "tu": midomo iweke kama unasema "u", ulimi uuache kama unasema "i". Bila hiyo, "tu" na "tout" zinakuwa neno moja. Halafu irabu za puani: "vent", "vont" na "vin" ni maneno matatu, na hakuna n inayotamkwa mwishoni.

Watu wetu wa Kanda ya Ziwa, hasa wanaotokea kwenye Kisukuma, waangalie r na l. Kwenye Kiswahili ukisema "kura" badala ya "kula" msikilizaji anakusaidia. Kwenye Kihispania una njia tatu: "pero" (lakini), "perro" (mbwa), "pelo" (nywele). Kwenye Kifaransa una "roi" (mfalme) na "loi" (sheria), ila hapo kuna nafuu: r ya Kifaransa inatokea kooni, karibu na gh ya "ghali", kwa hiyo ulimi hauna haja ya kuhangaika na l kabisa. Ianzie kwenye gh halafu uilegeze.

Zoezi lake: andika maneno 20 ya jozi hizo kwa kuyachanganya, yasome ukijirekodi kwenye simu, karatasi iweke mbali. Kesho yake sikiliza rekodi bila karatasi na uandike unachosikia. Linganisha. Neno ulilokosea kulitambua mdomoni mwako mwenyewe ndilo la kufanyia kazi wiki hiyo.

Wazungumzaji wapo. Wafanyabiashara wa Kongo na Burundi wanakuja soko la Mwaloni hapa Mwanza kuchukua dagaa na samaki wakavu. Shida ni kwamba wengi wanajua Kiswahili, na mazungumzo yanateleza kuja huku baada ya sentensi mbili. Nenda na maswali matano umeyaandika (bei, uzito, njia ya kusafirishia, hali ya barabara, soko la huko) na umwombe mtu waziwazi dakika kumi za Kifaransa. Usiende saa za kupakia mzigo. Hakuna atakayekuwa na nafasi nawe. Na ujue mapema kwamba kwao 70 ni "septante" na 90 ni "nonante". Ukisubiri "soixante-dix" ya vitabu vya Ufaransa, bei itakupita.

Hu_na_Yu

Kichina. Mleta mada, usianze na maandishi. Wiki mbili tatu za mwanzo ziwe za pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini) na toni (kupanda na kushuka kwa sauti) peke yake, na toni usizifanyie mazoezi moja moja. "Mā, má, mǎ, mà" kila mtu anaiweza, inaharibika zinapokutana. Fanya jozi: toni nne za kwanza zikifuatiwa na toni nne pamoja na ile isiyo na mkazo, jumla jozi 20. Tafuta neno moja halisi lenye sauti ya mzawa kwa kila jozi, lirudie mpaka litoke bila kufikiri.

Mambo mawili hapo. Toni ya tatu kwenye mazungumzo ni ya chini tu. Ule mkunjo wa kushuka na kupanda unaouona kwenye michoro hutokea zaidi neno likiwa peke yake au mwishoni. Na toni ya tatu mbili zikifuatana, ya kwanza hugeuka kuwa ya pili: "nǐ hǎo" hutamkwa "ní hǎo". "Bù" nayo mbele ya toni ya nne inakuwa "bú", kama "bú shì".

Anayezungumza Kisukuma au Kihaya ana faida, kwa sababu sikio lake limezoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Ila asidhani ni kitu kilekile: kwenye Kichina karibu kila silabi inabeba mchoro wake.

Konsonanti: b na p za pinyin zote hazina mtikisiko wa koo. Tofauti yake ni pumzi. Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo: "pa" lazima kitikisike, "ba" kitulie. B yetu ya Kiswahili huvuta hewa ndani kidogo, kwa hiyo ukisoma "ba" ya pinyin kama "baba" inasikika vingine. Fanya hivyohivyo kwa d/t na g/k.

Maandishi yafuate baadaye, kwenye daftari la hesabu lenye miraba mikubwa, herufi moja kwa mraba. Mfuatano wa kalamu: juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, mlalo kabla ya wima, na boksi unalifunga mwisho. Usinakili picha nzima, soma sehemu zake. Chukua 湖, hú, yaani ziwa. Ina mapigo 12 ya kalamu, inatisha. Lakini kushoto ni 氵, maji, mapigo matatu, ileile iliyomo kwenye 河 (mto) na 海 (bahari). Kulia ni 胡, ambayo peke yake hutamkwa hú. Yaani upande mmoja unakwambia habari ya maji, mwingine unakupa sauti. Herufi nyingi mno zimejengwa hivyo, na mtu akilishika hilo kumbukumbu inapata pa kujishikiza.

Kwa kipimo, orodha za maneno za HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) za mwaka 2010 bado ni ngazi nzuri: maneno 150, kisha 300, kisha 600. Ngazi mbili za kwanza mtihani wake una pinyin pamoja na herufi. Kuanzia ya tatu ni herufi tupu. Mwaka 2021 walitoa viwango vipya vyenye ngazi tisa na maneno mengi zaidi, kwa hiyo ukipakua deki angalia ni ya viwango gani.

NdegeWaIgoma

Shukrani sana wakuu, nimeelewa. Basi Kifaransa kisonge, Kichina kianze kwa toni, Kihispania kisubiri. Kiarabu je, nacho kisubiri? Na ndani ya daladala nifanye nini bila kumaliza bando?

Ustadhi_Nansio

Kiarabu kiweke kwenye kutunza, kwa sababu sehemu ya msamiati wa mwanzo unao bila kujua. Namba peke yake: sita, saba, tisa, kisha ishirini hadi tisini, mia, elfu, zote zimetoka huko. Kinachobaki ni moja hadi tano, nane na kumi, ambazo ni za Kibantu, kisha 11 hadi 19, ambazo Kiswahili kimeziunda chenyewe, na utaratibu wa kutanguliza moja kabla ya makumi: 21 ni "wāḥid wa ʿishrūn". Sarufi ya kuhesabu ni ngumu, kwani kuanzia 3 hadi 10 namba hubeba jinsia iliyo kinyume na ya kinachohesabiwa. Hiyo iache kwanza.

Kazi ya dakika tano kwa siku ni kurudisha maneno ya Kiswahili kwenye herufi zake za asili. H yetu moja imemeza herufi tatu: "habari" ni خ, "hali" ni ح, "hewa" ni هـ. Andika maneno 10 kwa wiki, kila moja na herufi yake, uyasikilize na kuyatamka. Siku utakayokifungulia rasmi utakuwa umeshavuka sehemu inayowachelewesha wengi.

Aliyesoma madrasa herufi anazo. Ila magazeti hayana fatha wala kasra (alama za irabu fupi), kwa hiyo aanze na maandishi yenye irabu zote, apunguze taratibu.

KauntaBuku

Kwenye daladala: sauti, si video. Dakika kumi za sauti ya 128 kbps ni kama MB 10. Video, hata ya ubora wa chini, inakula mara kadhaa ya hapo. RFI (redio ya kimataifa ya Ufaransa) ina "Journal en français facile", habari za dakika kumi kila siku, pamoja na maandishi yake. Pakua usiku, sikiliza mara moja bila maandishi, soma maandishi nyumbani ukiwa na kamusi, kisha kesho ndani ya gari sikiliza ileile mara mbili. Kipindi kimoja kwa siku mbili kinatosha. AnkiDroid inafanya kazi bila intaneti ukishapakua deki na sauti zake, ila kwenye gari lililojaa marudio ya kadi za kusikiliza hayafai. Konda na honi vinafunika toni. Za Kichina zifanyie nyumbani.

Hu_na_Yu

Jambo moja halijatajwa: kibodi ya simu. Ongeza kila lugha kama kibodi yake, usiandike Kifaransa kwa ile ya Kiingereza, kwa sababu masahihisho ya kiotomatiki yatageuza maneno yako na utazoea makosa. Alama za é, è, ç zinatoka kwa kukandamiza herufi kwa muda. Kwa Kichina chagua pinyin, uandike sauti kisha uchague herufi kwenye orodha, lakini usitegemee hiyo kujifunza kuandika: inakufundisha kutambua tu. Herufi tano za siku ziandikwe kwa kalamu.