Pampu ya dizeli yatetemeka kwa mizunguko 1500: tuanze kuchunguza wapi?

Mkaazi wa Shimanzi:
Assalamu alaykum, mafundi wenzangu. Katika yadi tunayoihudumia kando ya Kilindini kuna pampu ya maji ya chumvi inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda 6, bila gia kati yao, ila kaplingi ya mpira tu, yaani kiungo cha shafti mbili. Ikifanya kazi kwa mizunguko 1500 kwa dakika, fremu nzima hutetemeka kiasi cha kulegeza bolti za msingi. Tumebadilisha beringi za pampu, tumesawazisha impela (gurudumu la pampu lisukumalo maji), na mpira wa kaplingi tuliouweka mpya umetafunika tena mapema mno. Mwenye mali sasa ataka tuing'oe injini na kuifungua yote. Kipimo chetu cha mkononi hutoa tarakimu moja tu ya mtetemo. Naomba ushauri kabla ya kuingia gharama hiyo.

Fundi wa Changamwe:
Waalaykumu salaam. Msing'oe kitu bado. Tarakimu moja yawaambia kwamba mtetemo ni mkubwa, haiwaambii watoka wapi. Azimeni chombo kinachoutenganisha kwa marudio yake. Kwa kasi yenu shafti huzunguka mara 25 kwa sekunde. Impela isiyosawazika hutikisa kwa mara hizo 25, ilhali shafti zisizolingana, yaani zisizokaa mstari mmoja, mara nyingi huonyesha 25 na 50 kwa pamoja. Injini ya mipigo 4 yenye silinda 6 huwaka mara 3 katika kila mzunguko, yaani mara 75 kwa sekunde, na mtetemo huo ni wa maumbile yake. Mkiona kilele kikubwa kwenye mara 12.5 kwa sekunde, shukuni silinda moja kuwa dhaifu, kwa sababu kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Pimeni joto la matawi ya moshi, na lililo baridi kuliko wenzake ndilo la kufuatilia nozeli na vali zake.

Kisha pandisheni kasi polepole. Mtetemo ukifura kwenye kasi moja na kutulia mkiipita, fremu au msingi ndio unaoitikia, na hakuna kipuri kipya kitakachoutibu. Chungulieni chini ya fremu pia, maana chumvi hula mahali pasipoonekana.

Mvuvi Mstaafu, Mtongwe:
Mimi nauliza ambalo halijatajwa: mtetemo huo huzidi maji yakikupwa? Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita mita 3, na mita hizo zote pampu huzilipia upande wa kuvuta, tena chujio likiwa limejaa chaza na mwani ndipo mambo huharibika kabisa. Shinikizo likishuka mno, maji hufanya mapovu ndani ya impela, nayo hupasuka kwa sauti kama ya changarawe. Wekeni geji kwenye bomba la kuvutia, kisha mfunge vali ya kutolea kidogo. Sauti ikipungua, uvutaji ndio wenye shida. Nakiri lakini kwamba hilo halielezi mpira kutafunika.

Mkaazi wa Shimanzi:
Ahsanteni, wazee wangu. Bamvua na maji mafu (siku za kujaa na kupwa kudogo) hayaleti tofauti yoyote, matawi ya moshi yanakaribiana joto, na kupandisha kasi hakukuonyesha kilele cha ghafla. Tulilogundua ni kwamba injini ikiwa baridi hutulia hata kwa 1500, na vurugu huanza ikishapata moto. Shafti zililinganishwa asubuhi, injini ikiwa imelala, bado baridi.

Fundi wa Changamwe:
Basi hapo ndipo penyewe. Chuma cha mwili wa injini hutanuka takriban mikroni 11 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya joto, kwa hiyo shafti iliyo nusu mita juu ya miguu hupanda robo milimita na ushei joto likiongezeka nyuzi 50, huku pampu inayopitisha maji ya bahari ikibaki karibu pale pale ilipokuwa. Mpira huvumilia, lakini hupata joto na kutafunika. Ilinganisheni upya, injini ikiwekwa chini kwa kiasi hicho, kisha muihakiki mara tu baada ya kuizima ikiwa moto. Kabla ya hapo legezeni bolti za miguu moja moja mbele ya geji ya mshale. Mguu unaoinuka zaidi ya milimita 0.05 utiliwe bati la unene unaostahili. Legezeni pia flenji ya bomba la kuvutia, na mkiifunga tena mashimo yakutane yenyewe, bila kuvutwa kwa mtaimbo.