Nyutro mteremkoni: tunaokoa mafuta au tunajidanganya?

Gari Bovu: Wakuu, nimebishana na shemeji hadi chai ikapoa. Mimi nikikuta mteremko natia nyutro, gari inajiendea. Yeye anasema napoteza mafuta. Nani mkweli?

Nusu Tenki: Shemeji. Hayo ni mambo ya kabureta, magari ya zamani yasiyo na kompyuta ya kupima mafuta. Gari ya injekta, ambayo kompyuta ndiyo inapuliza mafuta kwenye injini, ukitoa mguu kwenye mafuta huku gia imeingia, kompyuta inakata mafuta, matairi ndiyo yanazungusha injini. Ukitia nyutro, lazima inywe kidogo isizime. Kama dashibodi yako inaonyesha matumizi ya papo hapo, itazame: ikiwa kwenye gia inasoma sifuri. Tatizo mafundi wengi walikariri kabureta, wakaishia hapo.

Mzee wa Milima: Lakini gia inaivuta gari nyuma. Mteremko mdogo, nyutro inakufikisha mbali zaidi kabla hujakanyaga tena. Hilo mbona hulihesabu?

Fundi Spana: "Walikariri"? Dogo, gari yako ikigoma usiku unampigia nani, dashibodi?

Nusu Tenki: Sijakutaja, fundi. Ila umejibu haraka sana.

Fundi Spana: Nimejibu kwa sababu nalala chini ya magari, wewe unalala na simu. Nyutro sishauri hata mimi, maana mtu anashuka mlima mzima kwa breki, akifika chini zinanuka kuungua. Ulikuwa umeniuliza?

Zuhura K.: Fundi, shikamoo. Kuna mwenzako aliniuzia filta ya hewa akiapa mafuta yatapungua. Sijaona tofauti.

Nusu Tenki: 😂 Kompyuta inapima hewa inayoingia na kutoa mafuta kwa kiasi hicho. Filta chafu inapunguza nguvu, unywaji haubadiliki sana.

Fundi Spana: Marahaba, dada. Huyo simtetei. Lakini wewe Nusu, gari ikikosa nguvu dereva anafanya nini? Si anakandamiza? Hesabu hiyo nayo iko kwenye simu?

Zuhura K.: Basi yaisheni. Mimi napima upepo wa matairi asubuhi kabla hayajapata moto, na nimetoa keria juu ya paa. Hapo ndipo nimeona nafuu.

Kaka Mwendo: Keria ni kweli. Ila kujaza mafuta alfajiri "yakiwa mazito" ni hadithi, tenki la kituo liko ardhini, joto lake halibadiliki kwa saa chache. Dawa ni mwendo. Toka 90 hadi 120, upepo unaikaba gari karibu mara mbili.

Fundi Spana: Unaona? Huyu kaongea vizuri na hajatukana fundi.

Nusu Tenki: Nimetukana wapi? Nukuu.

Gari Bovu: Shemeji kasoma yote. Kaniuliza mbona nabishania nyutro na tairi la nyuma nusu limelala tangu Jumapili.