Mdogo wangu amebebwa na kabangali (pikapu ya doria) jana usiku Kisenyi, nianzie wapi kumtafuta?

Muuza chapati

Habari zenu ndugu. Mimi ni mtu wa Busia, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Kampala, napika chapati na mayai Kisenyi. Jana kama saa tatu usiku nilimwacha mdogo wangu anafunga kazi, nikaenda kuchota maji. Kurudi, nakuta unga umemwagika, sigiri bado ina moto, na mtoto hayupo. Ana miaka 19. Mama anayechoma mahindi pale jirani anasema ilikuja kabangali, wakapakia vijana kama wanane, wakaondoka.

Mmoja ananiambia walikuwa polisi, mwingine anasema KCCA (mamlaka ya jiji), mwingine anasema wanajeshi. Simu yake haipatikani. Alfajiri nimekwenda kituo kimoja, aliyekuwa kaunta akaniambia "huyo hayupo hapa" bila hata kufungua kitabu. Katika mji huu nani anakamata nani, na anampeleka wapi? Mama yetu amepiga simu mara nne na sina la kumwambia.

Afande mstaafu

Pole sana kijana. Nilivaa khaki ya polisi miaka 27, mingi nikiwa hapa hapa mjini, kwa hiyo nakuambia nililoliona.

Watu wa KCCA wanahangaika na wachuuzi, na kesi zao zinakwenda mahakama ya City Hall. Kazi yao kubwa ni mchana. Saa tatu usiku na kabangali, hapo mimi ningeanza na polisi wa doria. Hata wakiwa wamechanganyika na wanajeshi, raia aliyekamatwa anatakiwa akabidhiwe polisi.

Sasa shida ya Kisenyi ni kwamba imekaa katikati. Old Kampala iko karibu, Central iko karibu, Katwe iko karibu. Gari la doria halipeleki watu kituo cha jirani, linawapeleka kule lilikotoka. Kwa hiyo zunguka vyote vitatu, na posti ndogo pia usiziache.

Ukifika kaunta, usiulize "mdogo wangu yupo?" Sema hivi: "Afande, naomba uniangalizie waliofungiwa lokapu tangu saa tatu jana usiku." Kila anayeingia anaandikwa, na tukio linapewa namba ya kitabu cha kituo, ile tunayoiita SD. Usikazanie jina peke yake. Vijana kumi wanashushwa kwa mpigo, wanavua mikanda na viatu, mikanda imejaa juu ya kaunta, askari mmoja anaandika na wote wanasema kwa pamoja. Anaandika alivyosikia. Nimeona Wafula akiandikwa Wasula, na baba yake alifukuzwa kaunta mara mbili wakati mtoto yuko nyuma ya mlango ule ule. Taja umri, taja shati alilovaa.

Ukimpata, chukua hiyo namba ya SD uiandike. Kama kuna kesi yenyewe, itafunguliwa faili lenye namba ya CRB, yaani ya kitabu cha kesi, na atapewa mpelelezi. Bondi, yaani dhamana ya polisi, unamwomba OC (mkuu) wa kituo au OC CID, mkuu wa upelelezi. Wakikuzungusha, panda kwa DPC, kamanda wa polisi wa wilaya. Bondi ya polisi ni bure, hakuna karatasi ya kununua. Katiba, ibara ya 23, inawapa saa 48 wawe wamemfikisha mahakamani. Kwako wewe hesabu inaisha kesho saa tatu usiku.

Mama wa Bombo

Mwanangu, nimesoma habari ya sigiri kubaki na moto nikalia. Sisi tuliokuwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 80 tunajua neno "panda gari". Watu walipakiwa kwenye malori na wengine hatukuwaona tena. Leo kuna kitabu na kuna namba, basi usiondoke kaunta mpaka kifunguliwe.

Neno langu ni moja tu: maelezo. Mwaka mmoja niliibiwa cherehani, nikaeleza kwa Kiswahili, askari akaandika kwa Kiingereza, nikatia sahihi. Baadaye nikasomewa kwamba nilisema mlango niliuacha wazi. Sikusema hivyo! Mwambie mdogo wako asitie sahihi kabla hajasomewa kwa lugha anayoielewa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa Uganda tangu 2005, na askari wenyewe wanakitumia. Asione haya kukidai.

Muuza chapati

Nimempata! Kituo cha tatu. Jina limeandikwa vingine kabisa, nimemtambulisha kwa jezi nyekundu. Ameingizwa saa nne kasoro dakika ishirini. Nimekwenda na kitambulisho changu na barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa), OC CID akasoma, akatia sahihi bondi. Pale nje mtu mmoja asiye na sare alitaka elfu hamsini "ya karatasi". Nikamjibu bondi ni bure, akaondoka. Mtoto hajapigwa, ila hajala tangu jana. Karatasi inasema turudi Alhamisi kuripoti. Mzee, Alhamisi kuna nini?

Afande mstaafu

Mungu mkubwa. Mpe chai kwanza.

Alhamisi mwende wote wawili, mapema, na kopi ya bondi mkononi. Asikose, maana akikosa wanaweza kumkamata upya na wewe mdhamini ukaulizwa. Mwulize mpelelezi kosa lililoandikwa ni lipi. Ikiwa wameandika kwamba alikuwa anazungukazunguka tu bila kazi inayoonekana, mkumbushe kwa adabu kwamba Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele hivyo vya kifungu cha 168 cha sheria ya makosa ya jinai. Halafu omba faili lifungwe. Wakisema bado, uliza tarehe nyingine na iandikwe kwenye hiyo hiyo bondi, usikubali ya mdomo.

Na yule mama wa mahindi, mwombe namba yake ya simu. Yeye ndiye aliyeona mtoto alikuwa kazini.