Caol Ila ya kiwanda na Caol Ila ya mfungashaji huru: mbona haziendani?

Toti_Moja

Wakuu, habari za humu ndani. Nina chupa mbili za Caol Ila, wiski ya kisiwa cha Islay huko Scotland, na zinanichanganya. Ya kwanza ni ile ya kawaida ya kiwanda, miaka 12, asilimia 43. Ya pili imefungwa na mfungashaji huru, yaani kampuni inayonunua wiski ya kiwanda cha wengine na kuifunga chupa kwa lebo yake: miaka 9, imetoka kwenye pipa moja tu, asilimia 57 na kitu, na lebo yake imejaa tarehe na namba utadhani cheti cha kuzaliwa.

Ya kiwanda ina rangi ya dhahabu, laini, moshi wake uko mbali kidogo, halafu inaishia na utamu. Ya pili imepauka, inachoma ulimi, inanuka majivu na ganda la limau, na nikiongeza maji inapiga ukungu. Ningepewa bila kuonyeshwa chupa, ningeapa zimetoka visiwa viwili tofauti.

Sasa naomba kueleweshwa. Ipi ndiyo Caol Ila yenyewe? Na ni kweli kwamba wafungashaji huru huuziwa mapipa ambayo kiwanda kimeyakataa? Kuna jamaa yangu anashikilia hivyo na hataki kusikia lingine.

Mzee_wa_Mwaloni

Mkuu Toti, kabla hujauliza ipi ndiyo yenyewe, angalia kwanza ni mambo mangapi yanayotofautiana kati ya hizo glasi mbili. Umri. Nguvu. Aina ya pipa. Idadi ya mapipa. Uchujaji. Jina la aliyefunga chupa linakuja baada ya hayo yote, na kwa maoni yangu ndilo dogo kuliko yote. Wapo wanaotamba kwamba wao ni watu wa wafungashaji huru, kumbe wanachokipenda ni asilimia 57.

Chupa ya kiwanda ni kazi ya mchanganyaji. Anachukua mapipa mengi, yote ya kiwanda hichohicho, anayakutanisha ili chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Miaka 12 kwenye lebo ni umri wa pipa changa kuliko yote aliyotumia, kwa hiyo humo ndani panaweza kuwa na wazee pia. Kisha anaongeza maji hadi ifike 43. Sheria ya Scotland inataka isishuke chini ya 40, na inaruhusu rangi ya karameli. Mfungashaji wako hakuchanganya chochote. Amefungua pipa moja na kukupa lilivyokuwa siku hiyo, zuri na baya lake.

Ukungu usikutishe. Ni esta na asidi za mafuta, ambazo hukaa zimeyeyuka maadamu kileo ni kingi vya kutosha. Ukishusha nguvu chini ya 46 hivi, au ukiipoza, zinaanza kuonekana. Viwanda vingi huipoza wiski hadi karibu na nyuzi sifuri, vikaichuja, ndipo ikae safi dukani. Wapo wanaosema uchujaji huo hauibi ladha. Mimi naona unaiba unene mdomoni, na hapo sibadilishi msimamo.

Kuhusu jamaa yako: amechanganya "lililokataliwa" na "lisilohitajika". Caol Ila ilijengwa upya na kuanza tena kazi mwaka 1974 ikiwa na mitambo sita ya shaba, na walengwa hawakuwa watu kama sisi wa kunusa glasi. Ilijengwa kwa ajili ya wiski za mchanganyiko, zinazokutanisha wiski za viwanda vingi, Johnnie Walker na wenzake. Hii ya miaka 12 uliyonayo ilianza kuuzwa mwaka 2002. Kabla ya hapo, mtu aliyeitaka Caol Ila peke yake mara nyingi aliipata kwa wafungashaji huru: kwa Gordon & MacPhail, kwa Cadenhead au kwa Signatory. Kwa hiyo kusema ya kiwanda ndiyo ya asili na nyingine ni za kudandia, hilo historia inalikataa.

Mapipa yanawafikia kwa njia mbili kubwa. Wengine walinunua pombe mbichi ikitoka kwenye mtambo, wakaijaza kwenye mapipa yao wenyewe na kusubiri. Gordon & MacPhail wa Elgin, walioanza mwaka 1895, wamejijengea jina hivyo. Wengine hununua mapipa yaliyokwisha kukomaa kutoka kwa madalali, au kutoka kampuni za mchanganyiko zilizokuwa zimejiwekea akiba kubwa kuliko mahitaji. Pipa linaweza kuuzwa kwa sababu tu mchanganyaji hana nafasi nalo. Kwake pipa lenye tabia kali ni usumbufu, linamharibia mfanano wake. Kwako ndilo linalokufanya uandike uzi mzima humu.

Mapipa mabovu yapo pia, sikatai. Mti uliokwisha kutumika mara tatu hauna tena cha kutoa, na miaka 9 ndani yake inakuacha na pombe mbichi iliyozeeka bila kukua. Baadhi ya wafungashaji huliokoa pipa la namna hiyo kwa kuihamishia wiski kwenye pipa la sheri (divai kali ya Kihispania) kwa miezi sita. Mimi na sheri ya miezi sita hatuelewani. Unapata zabibu kavu juu, na chini yake bado kuna shayiri mbichi.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, zishushe zote nguvu moja. Chukua mililita 30 za ile ya 57, ongeza mililita 10 za maji, utafika karibu na 43. Acha ikae dakika kumi. Halafu mtu mwingine akupangie glasi bila wewe kuona ipi ni ipi. Rudi utuambie.

Shaba_na_Moshi

Mzee wa Mwaloni ameeleza vizuri, ila hoja ya uchujaji ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Ardbeg 10 ni 46 bila kuchujwa kwa baridi. Bunnahabhain 12 ilipandishwa hadi 46.3 mwaka 2010 na ikaachana na mambo ya rangi. Arran 10, Ledaig 10, hivyohivyo. Ukitaka ukali, Glenfarclas 105 ni asilimia 60 na ni ya kiwanda chenyewe. Springbank nao wanaotesha shayiri, wanakeneka, wanakomaza na kufunga chupa palepale Campbeltown. Mfungashaji huru anaongeza nini hapo?

Halafu kuna jambo hamlisemi: ukiipenda ya pipa moja, hutaipata tena. Pipa la lita 250, baada ya miaka kumi ya kupoteza asilimia mbili hivi kila mwaka kwa mvuke, linatoa chini ya chupa 300. Zikiisha zimeisha. Mimi nataka kinywaji ninachoweza kukirudia.

Mzee_wa_Mwaloni

Shaba, hapo kwenye kurudia sina ubishi. Ila Springbank umejichomea mwenyewe: Cadenhead, wafungashaji huru wa tangu 1842, wako chini ya J. & A. Mitchell, walewale wenye Springbank. Signatory walinunua Edradour mwaka 2002. Gordon & MacPhail wana Benromach tangu 1993, na The Cairn waliyoifungua 2022. Huo mpaka kati ya kiwanda na mfungashaji si mnene kama tunavyouchora.

Na kuna viwanda ambavyo bila wafungashaji huru tusingevijua kabisa. Imperial kilifungwa 1998 na baadaye kikabomolewa. Enzi za uhai wake chupa rasmi zilikuwa chache mno. Tunachokijua leo kuhusu ladha yake, sehemu kubwa tumekipata kwenye lebo za watu wengine.

Nusu_Glasi

Naomba kuuliza pembeni. Nimeona chupa zimeandikwa "Orkney" au "Speyside" bila jina la kiwanda. Nyingine imeandikwa Williamson. Hicho ni kiwanda gani?

Mzee_wa_Mwaloni

Hakuna kiwanda cha Williamson. Ni Laphroaig, na jina ni la Bessie Williamson, mama aliyekiongoza baada ya Ian Hunter kufariki mwaka 1954.

Wenye viwanda wengine hawataki jina lao litokee kwenye lebo ya mtu mwingine. Anayenunua pipa anakubali kwa mkataba kwamba jina halitatajwa, anaishia kuandika mkoa au kisiwa. Ukiona Orkney bila jina, mara nyingi ni Highland Park, maana kule pengine ni Scapa tu.

Wengine wanatumia kijiko cha chai. Kabla ya kuuza pipa, wanamimina humo wiski kidogo sana ya kiwanda kingine. Ladha haibadiliki, ila kisheria si tena wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, kwa hiyo hakuna awezaye kuiita kwa jina lake. Glenfiddich iliyotiwa kijiko huitwa Wardhead, Balvenie huitwa Burnside, Glenmorangie huitwa Westport. Nawavulia kofia, ni ujanja wa kisheria uliokamilika.

Scotch Malt Whisky Society, chama kilichoanzishwa Edinburgh 1983, wao hawaandiki jina kabisa. Wanaweka namba: ya kabla ya nukta ni kiwanda, ya baada ya nukta ni pipa. Caol Ila ya mkuu Toti kwao ni 53.

Toti_Moja

Nimefanya kama ulivyosema, mke wangu ndiye aliyepanga glasi. Nilizijua zote mbili, ila si kwa nilichotarajia. Ukali uliisha na rangi haikunisaidia kwa sababu glasi zilifunikwa. Moshi ulikuwa uleule, kabisa. Kilichoiumbua ya pipa moja ni mafuta: inakaa ulimini, ile ya kiwanda inateleza na kuondoka. Na ya kiwanda ina utamu wa vanila ambao nyingine haina hata kidogo. Mke wangu anaipenda ya kiwanda na hataki mjadala.

Nataka kurudia na kiwanda kingine. Nilifikiria Benrinnes.

Mzee_wa_Mwaloni

Mwambie mama salamu zake, hajakosea. Vanila ni ya mwaloni wa Marekani, na bila shaka pipa la mfungashaji wako lilikwisha kuchoka kiasi. Ndiyo maana limepauka vile.

Benrinnes iache kwanza. Ya kiwanda, ile ya miaka 15, ina sheri nyingi, na wafungashaji huru mara nyingi wanatoa ya pipa la bourbon (wiski ya Marekani). Utalinganisha mapipa, kiwanda hutakiona. Chukua Ledaig 10 ya kiwanda cha Tobermory, ni 46.3 na haijachujwa kwa baridi, kwa hiyo mambo mawili umeshayaondoa kabla hujaanza. Kisha tafuta Ledaig ya mfungashaji yeyote, miaka 10 au 11, pipa la bourbon lililowahi kutumika, lebo ionyeshe tarehe ya kukenekwa na ya kufungwa. Ya sheri zipo nyingi na zinauzwa kwa mbwembwe. Ziruke.

Shaba_na_Moshi

Ledaig sawa. Lakini afanye haraka kuzoea hizo lebo. Gordon & MacPhail walitangaza 2023 kwamba kuanzia 2024 hawajazi tena mapipa ya viwanda vya wengine.

Mzee_wa_Mwaloni

Hawajazi mapya. Yaliyolala ghalani Elgin yatawatosha miaka mingi sana. Hawa ndio waliotoa Glenlivet ya miaka 80, iliyojazwa 1940. Toti, usinunue kwa hofu. Anza na ya kiwanda.