Naomba ushauri: mtoto aliyezaliwa na VVU anasahau sana masomo

Habari zenu wapendwa. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Alizaliwa na VVU ila dawa alianza akiwa na miaka 3, ameshaugua sana. Sasa anameza vizuri, kipimo cha mwisho virusi havikuonekana.

Shida ni shule. Juzi tumekaa na daftari: nne mara tatu, kumi na mbili, akaijua. Nikaenda kusonga ugali, narudi, imeshapotea. Akalia, "Mama mdogo, kwani kichwa changu kibovu?" Niliumia mno.

Nesi wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, alinieleza kuwa virusi huweza kuathiri ubongo miaka ya mwanzo kabla ya dawa, ndiyo maana siku hizi vichanga wa mama wenye VVU hupimwa wakiwa na wiki 4 hadi 6. Zamani masikio pia yalikuwa yakimtoka usaha, huenda hasikii vizuri darasani.

Mwalimu anamchapa akidhani ni mvivu. Hajui hali yake, na mtoto mwenyewe bado hatujamwambia. Mliolea watoto kama huyu, mlimwambia mwalimu? Mlianzaje? Na rufaa ya kupimwa uelewa na masikio niiombe hapo hapo CTC?